Mpini Mpya kwa Wembe wa Zamani



Wembe wa kukunja, ambao kwa miaka mingi ulikuwa chombo kikuu cha kinyozi, hauzeeki wote kwa pamoja. Bapa lake la feleji, likifutwa maji na kupakwa mafuta kidogo, laweza kudumu miaka 100 na zaidi. Mpini ndio unaotangulia kuharibika: pembe hupinda na kuliwa na wadudu, mbavu hupasuka, pini hulegea. Hapo ndipo mwenye wembe, akidhani kwamba chombo kizima kimekufa, hukitupa. Shabaha ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba uamuzi huo ni hasara, na kwamba kuunda mpini mpya kwa mkono ni kazi ya maarifa, inayostahili heshima ileile anayopewa aliyefua bapa.

Yafaa kwanza kuujua mpini wenyewe. Anayenyoa hushika zaidi shina la bapa kuliko mpini. Kazi kubwa ya mpini ni ulinzi: kumkinga mtu na makali, na kuyakinga makali yasigonge kitu. Una mbavu mbili nyembamba, kila moja yenye unene wa milimita 3 hivi, zilizounganishwa kwa pini. Pini ya mbele hupita katika tundu la shina, na bapa huzunguka juu yake. Pini ya nyuma hushikilia kabari ndogo iliyowekwa katikati ya mbavu. Kabari hiyo ndiyo roho ya mpini. Unene na mteremko wake ndivyo vinavyozitenga mbavu kwa kiasi kinachotakiwa na kuzipa mkazo kama wa springi. Ikiwa nene mno, bapa huchezacheza. Ikikaa upande, makali hugonga ubavu na kuharibika kila wembe unapofungwa.

Kazi hii ina historia ndefu. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, ambako Benjamin Huntsman alibuni katika miaka ya 1740 njia ya kuyeyusha feleji safi ndani ya vyungu, utengenezaji wa wembe uligawanywa: mmoja alifua, mwingine alisaga kwa jiwe, na mwingine alitia mpini. Watia mpini walitumia mifupa na pembe za ng'ombe, ambazo hulainika kwa moto na kuchukua umbo la kalibu. Kwa wateja wenye mali walitumia pembe za ndovu. Hapo ndipo ufundi huu ulipogusa Afrika Mashariki, maana katika karne ya 19 Unguja ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya pembe hizo duniani. Ndovu waliuawa bara, wapagazi wakabeba mizigo hadi pwani, na faida ya ufundi ikabaki ng'ambo. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Lausanne, Uswisi, mwaka 1989, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka pendekezo hilo.

Kuanzia miaka ya 1870 ilitokea selulodi, ambayo ilikuwa rahisi kwa bei na nzuri kwa macho. Lakini selulodi ikizeeka huoza na kutoa mvuke wenye asidi, nao mvuke huo hula feleji iliyofungwa ndani yake. Mpini uliokusudiwa kulilinda bapa huwa ndio adui yake. Katika hali hiyo kubadili mpini ni kuokoa wembe wenyewe, na kuchelewa ni kuupoteza.

Ama kuhusu utaratibu, vifaa vyake ni vichache: msumeno mwembamba, keekee, tupa, msasa, jiliwa na nyundo ndogo. Makali hufunikwa kwanza kwa utepe. Kichwa cha pini ya zamani husagwa kwa tupa mpaka kiishe, ndipo pini isukumwe nje polepole; anayeing'oa kwa nguvu huweza kupasua mbavu ambazo angezihitaji kuwa kielelezo. Vipande viwili vipya hubandikwa pamoja kwa muda, vikatobolewa na kuchongwa vikiwa kitu kimoja, ili matundu yaelekeane na mbavu zilingane. Baada ya kutenganishwa, nyuso za ndani hulainishwa na kupakwa mafuta, kwa sababu pini zikishafungwa hazifikiki tena.

Kabla ya kufunga, fundi mwangalifu hujaribu kila kitu kwa bolti ndogo zinazofunguka. Bapa likikaa katikati bila kugusa upande wowote, ndipo hutia pini za shaba ya njano pamoja na vijiduara vya shaba vya kupunguza msuguano. Vichwa vya pini hupigwa kwa mapigo mengi mepesi. Pigo moja zito laweza kuzipasua mbavu na kuharibu kazi ya siku nzima. Pini ya mbele ikazwe kiasi cha kulizuia bapa lisianguke kwa uzito wake, bali lifunguke kwa mkono.

Miongoni mwa miti inayofaa kabisa kazi hii ni mpingo, unaoota katika misitu ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, haunywi maji kwa urahisi, na hung'aa kwa kusuguliwa tu. Ulimwengu unaufahamu kwa klarineti na kwa vinyago vya Wamakonde. Vumbi lake hudhuru ngozi na mapafu, kwa hiyo fundi hana budi kujifunika pua na mdomo. Aidha, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba uleule wa CITES. Lakini mpini wa wembe hauhitaji gogo. Mabaki yanayoachwa na mchongaji yanatosha, na kipande ambacho kingetiwa motoni huwa chombo cha kudumu.

Mwaka 1903 kampuni ya Gillette ilianza kuuza nchini Marekani wembe wenye bapa la kutupwa, na tangu hapo kazi ya watia mpini ilizidi kupungua. Hakuna haja ya kubeza urahisi ulioletwa na chombo hicho. Hata hivyo wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Mwalimu mwenye karakana ndogo anaweza kuwafundisha vijana, kwa mpini mmoja tu, vipimo, tabia za mbao na metali, pamoja na subira. Nao mtihani wake hauna upendeleo: wembe ufungwe taratibu, na makali yapite katikati ya mbavu bila kusikika.