Pensheni Yavuka Bahari, Bima Yabaki Nyuma

Raia wa Marekani anapostaafu na kuhamia Mombasa au Dar es Salaam, pensheni yake humfuata, lakini bima ya afya ya wazee, Medicare, haimfuati. Miaka yote ya kazi alikatwa asilimia 1.45 ya mshahara kwa ajili ya bima hiyo, na mwajiri akachangia kiasi kama hicho. Hata hivyo, isipokuwa katika hali chache mno, Medicare hailipii matibabu nje ya Marekani. Kinachouma zaidi ni Sehemu B, inayogharimia huduma za madaktari. Akiacha kuilipia kwa kuwa haimsaidii, kisha uzeeni akalazimika kurudi, ada yake huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyokosa, na kwa kawaida nyongeza hiyo hudumu maisha yake yote. Huo ni uonevu, kwani mzee anaadhibiwa kwa kutolipia huduma ambayo asingeweza kuipata.

Watetezi wa utaratibu huu husema ankara za hospitali za mbali ni ngumu kukaguliwa, na udanganyifu utapenya. Hofu hiyo ina msingi. Lakini serikali hiyohiyo, kupitia mpango wa TRICARE, hulipia matibabu ya wanajeshi wake wastaafu walioko ng'ambo. Nayo Uingereza hugharimia tiba ya wastaafu wake wengi wanaoishi Hispania na Ufaransa. Ukaguzi, basi, unawezekana palipo na nia. Na hata kama Bunge la Marekani haliko tayari kulipia hospitali za nje, lingeweza kuanza kwa kufuta adhabu ya Sehemu B kwa kila anayethibitisha kwamba aliishi ng'ambo, hatua isiyohitaji kukagua ankara hata moja.