Hotuba ya Katibu: Samaki Wangu Hawakutiwa Sumu

(Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika. Imenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya maji ya mabwawa ya samaki. Nimeiomba mwenyewe nafasi hii kwa sababu mbili. Kwanza, ushirika wetu unajiandaa kugawa tena vifaranga wa perege kwa mkopo, na wanachama wengi wamekwisha chimba mabwawa nyuma ya nyumba zao. Pili, nina deni. Si deni la fedha, maana lile nimelilipa kwa ufuta wangu. Ni deni la maneno, na deni la maneno hulipwa mbele za watu.

Wote mnajua kwamba mwaka jana mwezi wa Machi samaki wangu walikufa kwa usiku mmoja. Niliamka alfajiri, nikakuta bwawa limekuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Niliwahesabu: perege wakubwa 340. Nikapiga kelele, watu wakajaa. Na mimi, Katibu mzima, nikasema maneno haya: "Nimetiliwa utupa." Sikuishia hapo. Nikageuka nikatazama ua wa jirani yangu, mama mtu mzima, ambaye ana miche ya utupa pale anayofukuzia fuko shambani kwake. Sikumtaja jina. Lakini nilitazama, na watu wakafuata macho yangu.

Tangu siku ile mama yule alianza kutengwa. Kisimani akifika wenzake wananyamaza. Darasani akaacha kuja. Nami nikanyamaza, nikaona nimeonewa mimi.

Sasa sikilizeni kilichoua samaki wangu.

Bwana Samaki wa wilaya alikuja siku ya tatu. Hakuuliza nani mbaya wangu. Aliuliza maswali manne. Walikufa saa ngapi? Nikasema alfajiri. Walikufa wakubwa au wadogo? Nikasema wakubwa, wadogo wengi wako hai. Kambale je? Nilikuwa nimetia kambale kama 20 wapunguze watoto wa perege. Nao wote walikuwa hai. Viluwiluwi vya chura je? Tukatazama ukingoni, vinacheza.

Akaniambia: "Katibu, utupa hauchagui namna hii. Ungeua wadogo na viluwiluwi pia. Samaki hawa wamekosa hewa. Wakubwa hutangulia kufa kwa sababu wanahitaji hewa nyingi. Kambale kabaki kwa sababu yeye anaweza kupanda juu akavuta hewa ya nje kama sisi."

Ndugu zangu, mimi sikujua kwamba samaki anaweza kufa kwa kukosa hewa naye yumo majini. Basi nimejifunza, na leo nawapa nilichojifunza.

MAJI YANAVYOPUMUA

Rangi ya kijani katika bwawa ni mimea midogo mno isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mchana jua likiwaka, mimea ile inatengeneza hewa ya oksijeni ndani ya maji, na samaki anaivuta. Usiku hakuna jua, hewa haitengenezwi. Lakini mimea ile ile nayo inavuta hewa. Samaki anavuta, mimea inavuta, na pumba na mavi yanayooza chini ya bwawa nayo yanakula hewa. Kwa hiyo hewa inapungua usiku kucha, na alfajiri ndiyo saa ya njaa kubwa ya hewa.

Sasa, mwezi ule wa Machi tulikuwa na siku tatu za mawingu mazito, hakuna jua wala upepo. Mchana hewa haikutengenezwa ya kutosha, usiku ikaliwa yote. Maji yangu yaliyokuwa kijani kizito yakageuka rangi ya kahawia na kunuka. Mimi nikaona samaki wamepanda juu wanafungua midomo, nikasema: "Wana njaa hawa," nikawamwagia debe zima la pumba. Kumbe wanaomba hewa, mimi nawazidishia uchafu wa kuila hewa yenyewe. Kesho yake wakafa.

MAJI MAZURI NI YAPI?

Wengi wetu tunadhani maji mazuri ya samaki ni meupe kama ya kunywa. Sivyo. Maji meupe kabisa hayana chakula cha perege. Na maji mazito kama mchuzi wa kisamvu yana hatari ya usiku. Tunataka kijani chepesi. Kipimo chake mnacho, hakinunuliwi: ni mkono wako.

Simama ukingoni saa 4 au saa 5 asubuhi jua likiwa limetoka. Nyoosha mkono, kunja kiganja kitazame juu, uzamishe taratibu huku unakitazama kiganja.

Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, yaani pale mkono unapokunjika, maji ni mazito mno. Acha mbolea, punguza chakula, ongeza maji mapya.

Kiganja kikipotea maji yakiwa kwenye kiwiko au juu yake kidogo, maji ni mazuri. Endelea kama ulivyo.

Ukizamisha mpaka karibu na kwapa na bado unakiona kiganja, maji yana njaa. Tia samadi kidogo.

Lakini angalia: kipimo hiki ni cha ukijani. Maji yakiwa mekundu au ya kahawia kwa udongo, kiganja kitapotea pia, na hapo shida ni nyingine, nitaieleza.

MAMBO YA KUFANYA

1. Usijaze samaki. Bwawa langu lina meta 10 kwa 15, yaani meta za mraba 150. Kwa bwawa la nyumbani lisilo na mashine, perege 2 kwa kila meta ya mraba wanatosha. Basi mimi nilistahili 300. Nilitia 900 kwa tamaa. Na perege anazaa upesi, msisahau.

2. Lisha kwa hesabu. Vua samaki 10, wapime, pata wastani, zidisha kwa idadi yao. Samaki 300 wa gramu 100 ni kilo 30. Chakula cha siku ni kama sehemu 3 katika 100, yaani gramu 900. Gawa mara mbili, asubuhi jua likiwa limepanda na jioni mapema. Iwe pumba za mahindi, mashudu ya ufuta au ya nazi, hesabu ni ile ile. Tupa mahali pamoja. Kikielea baada ya robo saa, umezidisha. Siku ya mawingu mazito usilishe kabisa; samaki hafi kwa kulala njaa siku mbili, anakufa kwa kukosa hewa usiku mmoja.

3. Samadi isimwagwe ovyo. Tia mavi ya kuku au mbuzi kwenye gunia, lifunge kwenye kona ya bwawa. Maji yakizidi kijani, unatoa gunia. Ukiwa umemwaga, utatoa nini?

4. Zuia matope. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu na mafuriko yakakata barabara kule Somanga. Maji ya mvua yakiingia bwawani na udongo, jua halipenyi, na matope yanaziba matamvua ya samaki. Chimbeni mfereji wa kuzunguka upande wa juu wa bwawa, na kwenye kingo pandeni nyasi fupi, zishike udongo. Bwawa liwe na kina cha kama meta moja, na upande wa kutolea maji lizidi kidogo.

5. Safisha kingo. Magugu yanayoota majini yakatwe. Humo ndimo mbu anamotaga, perege asifike kuwala viluwiluwi wake, na humo ndimo konokono wa kichocho anamojificha. Watoto wasikojoe wala kuoga bwawani. Kichocho tunakijua huku kwetu, hakuna haja ya kukifuga pamoja na samaki.

6. Sabuni na dawa zisikaribie. Usifulie ukingoni. Na kwa wenye mikorosho: bomba la kupulizia dawa lisioshwe karibu na bwawa wala kwenye mfereji unaoingia humo.

7. Chokaa. Huku Kilwa chokaa ya kuchoma mawe ya pwani tunayo tangu enzi. Ndiyo iliyojenga Husuni Kubwa na msikiti mkuu wa Kisiwani. Lakini chokaa ya kuchoma ni kali. Hutiwa kwenye bwawa lililokauka, kabla ya samaki, kisha unajaza maji na kungoja wiki mbili. Usiitie samaki wakiwamo, utawaunguza. Na udongo wetu mahali pengine una chokaa yake ya asili, hauhitaji nyingine. Muulizeni Bwana Samaki kwanza.

8. Siku ya hatari. Ukikuta alfajiri samaki wako juu wanafungua midomo, na ukiwasogelea hawazami, usingoje. Acha chakula, toa gunia la samadi. Kama una bomba la chini, toa maji ya chini yenye uchafu, lakini usizidi theluthi moja ya bwawa. Tia maji mapya kwa ndoo, na uyamwage kutoka juu kupitia chujio au kopo lililotobolewa ili yashuke kama mvua na kuchukua hewa. Maji ya kisima hutoka na hewa kidogo, kwa hiyo kuyarusha ni lazima. Msiingie kukoroga matope. Itaneni majirani, kila mmoja na ndoo yake. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

DAFTARI

Sasa nafika kwenye aibu yangu yenyewe.

Darasa letu la watu wazima lilikuwa na zoezi: kila mwanafunzi kwa zamu apime bwawa langu na aandike kwenye daftari tarehe, kipimo cha mkono, rangi, mvua na chakula. Mimi nilisema zoezi hili ni la kujifunza kuandika. Nikaliona daftari ni la mwandiko, si la samaki.

Bwana Samaki alipoondoka nikalifungua daftari lile kwa mara ya kwanza. Siku nne kabla ya samaki kufa kuna mstari umeandikwa kwa herufi kubwa kubwa za kujifunza: "Maji mazito. Kiganja kimepotea kabla ya kiwiko. Samaki wako juu asubuhi. Katibu aambiwe."

Aliyeandika ni mama yule yule niliyemtazama uani kwake.

Ndugu wananchi, mtu niliyemdhania ameua samaki wangu ndiye peke yake aliyetaka kuwaokoa. Aliniandikia kwa kalamu tuliyomfundisha kuishika, na mimi ninayehimiza watu wasome kila mkutano, sikusoma.

Nilikwenda kwake na wazee wawili. Nikaeleza, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu Katibu, daftari umelisoma?" Nikasema nimelisoma. Akasema: "Basi ukawaambie na hao walionitazama."

Ndiyo maana nimesimama hapa. Nawaambieni mbele ya mkutano: mama yule hana kosa lolote. Samaki wangu hawakutiwa utupa wala hawakulogwa. Niliwaua mimi, kwa kuwajaza kupita kiasi, kwa kumwaga pumba, na kwa kutosoma. Aliyekuwa anamnyamazia kisimani, amwamkie kesho. Nami namshukuru kwamba amerudi darasani.

Na kwa siku zijazo, samaki wa mtu yeyote wakifa hapa kijijini, kabla ya kutaja jina la jirani tuulize yale maswali manne: saa ngapi, wakubwa au wadogo, kambale je, viluwiluwi je? Na la tano ninaliongeza mimi: daftari linasemaje? Sisemi kwamba sumu haipo duniani. Nasema tutazame maji kwanza, maana jirani ukishamvunjia heshima, kumrudishia ni kazi ngumu kuliko kuchimba bwawa.

Naomba ushirika upitishe mambo mawili. Kila atakayechukua vifaranga achukue na daftari, na asiyejua kuandika ajiunge na darasa au aandikiwe na mwanawe. Tena daftari lisomwe kila Jumamosi na kamati ya mabwawa, kwa sauti. Vifaranga hawa husafirishwa mbali, wengine hutoka vituo vya serikali vya Kingolwira huko Morogoro na Ruhila huko Songea. Ni fedha ya wanachama wote. Haifai wasafiri njia yote hiyo waje wafe kwa pumba zetu.

Nimemaliza. Mikono mnayo, kesho asubuhi kila mwenye bwawa akaizamishe. Kazi kwenu, na kwangu pia.



Katibu wa Tawi