Amana ya Lebo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu Waislamu, nakuusieni nyinyi, nami naiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu katika swala zetu na katika vitu tuuzavyo.

Mji wetu wa Tabora ulikuzwa na biashara. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe. Mengine yaliyopita katika njia ile, hasa kuuzwa kwa wanadamu, yalikuwa dhuluma kubwa. Nguo ilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. Muuzaji alipenda mkono mfupi, mnunuzi alipenda mrefu. Ndipo watu hutafuta kipimo kisicho cha huyu wala cha yule. Na leo kazi hiyo imekabidhiwa viwango na lebo.

Leo Tabora inasifika kwa asali ya misitu ya miombo, na asali ndiyo ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja katika Sura An-Nahl kuwa ina tiba kwa watu. Kijana mmoja afungashaye asali alinijia, akasema: "Sheikh, sikutia sukari wala maji. Nilirina mapema tu, masega hayajazibwa nta, maana nadaiwa fedha za mizinga. Nikiandika 'asali safi iliyokomaa', nina kosa?"

Ndugu zangu, nyuki hupunguza maji ya asali, kisha huziba masega kwa nta. Anayerina kabla ya hapo hupata asali yenye maji mengi, ambayo huweza kuchachuka chupani. Kiwango cha kimataifa cha Codex chataka maji kwa kawaida yasizidi asilimia 20, na chakataza kuchanganya chakula kingine chochote katika kitu kiuzwacho kwa jina la asali. Jicho haliwezi kutenganisha asilimia 19 na asilimia 23.

Sasa tutazame mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume alipita penye chungu ya chakula sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye chakula akaeleza kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu, watu wauone. Kisha akajitenga na kila mwenye kudanganya.

Zingatieni! Mtu yule hakumwagia maji chakula chake, mvua ilimwagia. Kosa lake lilikuwa kuficha. Basi kusema "sikutia kitu" hakutoshi. Nilimjibu kijana: iuze kwa hali yake, mweleze mnunuzi, upokee bei ndogo. Deni ni zito, lakini haki ya mtu usiyemjua ni nzito zaidi.

Lebo ni ushahidi utoao kwa mtu asiyekuona. Jina la chakula, vilivyomo, uzito halisi, mtengenezaji na tarehe: kila neno ni shahada. Enyi vijana mfanyao kazi hii viwandani, na nyinyi wa Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzia katika sheria ya mwaka 1975 na kukabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019: kalamu zenu ni mizani. Msizipunje.

Nanyi wenye nyumba, someni. Lebo ikikuonyeni kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali, msilidharau onyo hilo. Asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali, utuepushe na kupunja na kuficha, na utujaalie tuwe wakweli mbele ya tunaowaona na tusiowaona. Amin.

Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.