Kwa nini tulichagua kusomea siasa

Mazungumzo na familia zilizohama na viongozi wao, Uvira

 

Sisi ni vijana wa Uvira, wa Fizi na wa uwanda wa Ruzizi tuliosomea sayansi ya siasa. Tunatoka katika makabila mbalimbali. Wengi wetu tumebeba mizigo kichwani kama nyinyi, na si mara moja. Mwaka 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba zetu. Desemba 2025 vita viliingia mjini, na watu wengi wakavuka mpaka kwenda Burundi.

Kila tunapokutana na wazazi tunaulizwa swali hili: "Mtoto wangu anataka kusomea siasa. Kwa nini asisomee uganga au ualimu? Siasa ndiyo iliyotufukuza nyumbani." Swali hilo ni la haki. Leo tunataka kulijibu bila kuwaficha kitu.

Tunachojifunza

Mwanasiasa anatafuta madaraka. Mwanafunzi wa sayansi ya siasa anachunguza madaraka: nani anayo, aliyapata wapi, nani analipa, na nani anaweza kumwuliza. Tunasoma katiba, uchaguzi, uongozi wa mikoa na wa vijiji, historia ya mawazo ya siasa, uhusiano wa mataifa, hesabu za takwimu na namna ya kufanya utafiti.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Wakati wa kiangazi wafugaji wanateremsha ng'ombe kutoka milimani. Mashamba yanaliwa, ng'ombe wanakatwa, kesho yake tunasikia kwamba kabila hili limeshambulia lile. Mwanafunzi anaanza na maswali madogo. Itulo, yaani malipo ya kimila ya malisho, ilitolewa kwa nani? Mwenye shamba alipata sehemu yake? Njia ya ng'ombe ilikubaliwa na nani? Je, watu wenye silaha nao walitoza? Mara nyingi tunakuta kwamba mkulima hakupata kitu na mfugaji alilipa mara mbili au tatu. Wote wawili wana hasara, na fedha ziko kwa mtu wa tatu. Ukilijua hilo, mkutano wa upatanisho unakuwa na jambo la kuzungumza zaidi ya majina ya makabila.

Mfano wa pili ni sheria. Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 207, inatambua uongozi wa kimila. Sheria ya Oktoba 2008 inasema kwamba sheferi, yaani eneo la mwami, iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi. Tumepiga kura za taifa mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023, lakini baraza la sheferi hatujawahi kulichagua. Kwa hiyo, watu wanapogombania kiti cha mwami, raia hana mlango wa kupitishia neno lake. Katika uwanda wa Ruzizi tuliona ugomvi wa kiti ukigeuka vifo. Watu wa Mutarule hawajausahau mwezi wa Juni 2014.

Nchi yetu ilianza na upungufu huu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika thelathini. Mmoja wao, Justin Bomboko, alisomea sayansi ya siasa kule Brussels, akawa waziri wetu wa kwanza wa mambo ya nje. Wenzake wengi waliachiwa nchi kubwa namna hii bila kufundishwa namna ya kuiendesha.

Elimu hii peke yake haileti amani

Hatutaki kuwadanganya. Rais Museveni wa Uganda alisomea uchumi na sayansi ya siasa Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1970. Mwaka 1981 aliingia msituni na bunduki. Mtu anaweza kujua sana mambo ya serikali na bado akachagua vita.

Na sisi wenyewe tumekosa. Mmoja wetu, akiwa mwaka wa pili, aliombwa na wazee wa kabila lake awaandikie barua ya malalamiko. Aliandika vizuri. Alihesabu kila ubaya waliotendewa, kwa tarehe na mahali. Ubaya uliotendwa na watu wa kwao hakuuandika hata mstari mmoja. Barua ilipigwa fotokopi, ikasomwa kwa sauti katika mikutano. Juma lililofuata, mama wa pande mbili waliokuwa wakikopeshana unga na samaki sokoni waliacha kuuziana. Hakuna neno la uongo katika barua ile. Nusu iliyoachwa ndiyo iliyofanya kazi mbaya. Mwenzetu huyo yuko hapa leo, na ndiye aliyetuomba tuwasimulie.

Tangu siku ile tumepatana hivi: anayetuomba tumwandikie maneno ya ugomvi, tutamwomba kwanza ruhusa ya kwenda kuusikiliza upande wa pili. Akikataa, hatuandiki.

Gharama na kazi

Wazazi wanauza ng'ombe au kiwanja ili mtoto asome. Basi mjue mapema. Zamani masomo yalikuwa miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisanse. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi ilianza kuingia katika mpango mpya: lisanse ni shahada ya kwanza na inachukua miaka mitatu, masta inafuata kwa miwili.

Kazi haikungoji mlangoni. Wachache kati yetu wameingia ofisi za serikali au mashirika. Wengine wanafundisha, wanauza vitenge, wanalima. Mtoto anayetaka mshahara wa haraka asome kitu kingine, na hakuna aibu. Anayeuliza kila siku "kwa nini tunatawaliwa hivi?" msimzuie. Na akiwa msichana, msimwambie kwamba siasa ni ya wanaume. Kifungu cha 14 cha katiba kinampa haki hiyo.

Tunachowaomba

Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitoa Kanuni 30 za kuongoza mambo ya watu waliohama ndani ya nchi zao. Kanuni ya 20 inasema mpewe tena hati zilizopotea. Ya 23 inasema watoto wenu wasome. Ya 28 inasema mshirikishwe katika kupanga kurudi kwenu. Hamkupoteza uraia mlipopoteza nyumba.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, wazazi: tunzeni diploma ya serikali na hati za kuzaliwa kama mnavyotunza mtoto. Zifungeni katika plastiki, nakala moja ikae kwa ndugu mwingine. Bila diploma ile mlango wa chuo haufunguki.

Pili, wakuu wa vijiji na viongozi wa makambi: mnapoandika orodha za msaada au mnaposikiliza kesi ya shamba, mwite mwanafunzi mmoja wa kila upande aandike pamoja na mwenzake, kisha maandishi yasomwe mbele ya wote.

Tatu, wazee wa makabila yote: msitutume kutafuta maneno mazuri ya kupamba bunduki. Tutumeni kuuliza, tutawaletea majibu, hata yale yasiyowapendeza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa zetu tunazijua kwa majina. Tumesomea namna ya kuzitazama bila kugeuza uso. Kuziba ni kazi yetu sisi na nyinyi.