Mlevi si Sikio la Kufa



Hapa Bariadi, kama ilivyo Itilima, Maswa na Meatu, msimu wa kuuza pamba ni msimu wa furaha. Lakini wako watu ambao fedha zao za pamba huishia kilabuni kabla hazijafika nyumbani. Nasi tusimnyoshee kidole mkulima peke yake, maana tunao wenzetu maofisini na mashuleni ambao mshahara wao haulali siku tatu. Mtu huyo akishaonywa mara mbili tatu, hukumu yetu huwa moja: sikio la kufa halisikii dawa.

Leo naipinga hukumu hiyo.

Mwaka 1954, mjini Montreal, Kanada, wataalamu James Olds na Peter Milner walipachika waya mwembamba katika ubongo wa panya. Panya alipobonyeza kitufe, umeme kidogo sana uligusa sehemu fulani ya ubongo wake. Alibonyeza tena na tena bila kuchoka. Katika majaribio yaliyofuata, walionekana panya walioacha hata chakula kwa ajili ya kitufe hicho. Ikadhihirika kwamba ubongo una mfumo wake wa kutoa tuzo.

Mfumo huo si adui yetu. Tukila tukiwa na njaa, au tukisifiwa kwa kazi njema, ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, ambayo hutufundisha kulirudia jambo lenye manufaa. Pombe na dawa za kulevya huizidisha kemikali hiyo. Ulevi ukirudiwa miezi na miaka, ubongo hujihami kwa kupunguza vipokezi vyake. Hapo kilichotosha jana leo hakitoshi, na raha za kawaida, kama mlo wa jioni na vicheko vya watoto, hufifia. Wakati huohuo harufu ya gongo, mlio wa chupa, au hata kuiona mizani ya pamba, huamsha uchu kabla tone halijagusa ulimi. Nayo sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo breki ya matamanio, hulegea.

Ndiyo maana mtu huapa asubuhi kwa moyo safi, na jioni akaonekana kilabuni. Alipoapa hakudanganya.

Je, mlevi asiwajibike? La hasha. Lakini wajibu wake wa kwanza ni kutafuta tiba, na wajibu wetu ni kumfikisha penye tiba. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni. Jambo hilo lenyewe lakiri kwamba huu ni ugonjwa. Tena tusimfungie ndani mnywaji wa miaka mingi ili aache ghafla: aweza kupatwa na degedege, hata kufa. Apelekwe hospitali.

Yatupasa pia kuziondoa njiani zile alama zinazomvuta. Siku ya malipo asindikizwe nyumbani, tena kwa heshima. Nanyi walimu, wafundisheni vijana mapema, kwani ubongo wao haujakomaa hadi wafikapo umri wa miaka ishirini na kitu.

Ubongo hupona polepole, kwa miezi mingi, na mara nyingine mgonjwa huanguka tena. Akianguka, tumwinue. Sikio lake halijafa. Ni sisi tuliokuwa tukimpa makaripio badala ya dawa.