Kabla ya kulipia kiwanja, chimba shimo

MIEZI ya Juni mpaka Septemba ndiyo miezi mizuri ya kuuza viwanja vya mabondeni. Ardhi imekauka, mto umebaki kijito cha kuruka kwa hatua mbili, na dalali anasimama katikati ya uwanja akiupigapiga kwa kisigino ili mnunuzi asikie ulivyo mgumu. Mnunuzi amekusanya fedha zake kwa miaka sita au saba. Anasikia kishindo, anaridhika. Hati ya mauziano inaandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi, na kila mtu anakwenda zake. Masika ikiingia, dalali hapatikani.

Madalali nitawapangia siku yao. Leo nataka tuzungumzie udongo wenyewe, kwa sababu udongo wa bonde la mafuriko, ule unaotuamisha maji, hausemi uongo hata wakati wa kiangazi. Mambo yanayotokea juu yake wakati wa mvua yamo ndani yake, nusu mita kwenda chini, kwa rangi ambazo mtu yeyote mwenye macho na jembe anaweza kuziona.

Hebu tuanze na rangi hizo zinavyopatikana. Wekundu wa udongo wa milimani, kama ule wa Lushoto, ni kutu. Udongo una chuma ndani yake. Chuma hicho kikipata hewa hushika kutu kama bati la nyumba kuukuu. Sasa uchukue udongo wenye chuma uujaze maji hadi juu. Hewa hupenya ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyopita mahali pakavu. Mizizi na vijidudu vilivyomo udongoni huimaliza oksijeni iliyobaki kwa muda wa siku moja au mbili tu.

Hapo vijidudu vya aina nyingine hushika zamu. Hivi haviitegemei hewa. Huchukua oksijeni iliyofungwa ndani ya vitu vingine. Huanza na naitreti, ile mbolea ambayo mkulima ameinunua kwa bei mbaya, na kwa hiyo mbolea hiyo hupotea hewani. Kisha huigeukia kutu. Kutu ikinyang'anywa oksijeni yake, chuma huyeyuka na kutembea pamoja na maji, na udongo hubaki wa kijivu, wakati mwingine kijivu cha kuelekea samawati au kijani. Maji yakizidi kukaa, vijidudu huishambulia salfa, na ndipo mnaposikia ile harufu ya mayai viza mkikanyaga tope. Mwisho kabisa hutoka gesi ya methane, yale mapovu yanayopanda juu mtu akichoma kijiti kinamasini.

Wataalamu wa udongo huuita udongo wa namna hii glei. Neno hilo walilitoa kwa wakulima wa nchi za Urusi na Ukrania, na aliyeliingiza katika sayansi, mwaka 1905, ni Mrusi aitwaye Georgy Vysotsky. Kwa hiyo hata huko, aliyeujua mapema ni mwenye jembe.

Lakini kijivu peke yake ni nusu ya habari. Kiangazi kikifika, maji hushuka, na hewa huingia kwa kupitia nyufa na vijitundu vya mizizi iliyokufa. Chuma kilichokuwa kimeyeyuka hukutana na hewa hapo na kushika kutu upya. Matokeo yake ni madoa na mistari ya rangi ya machungwa ndani ya udongo wa kijivu, kama nguo iliyoanikwa juu ya waya wenye kutu. Ukiona madoa hayo, jua kuwa hapo maji huja na kuondoka. Ukiona kijivu kitupu kisicho na doa, jua maji hayaondoki karibu mwaka mzima. Na kina ambacho madoa yanaanzia ndicho kinachokuonyesha jinsi maji yanavyopanda wakati wa masika. Yakianza kiasi cha shubiri moja tu kutoka juu, ndugu yangu, chumba chako cha kulala kitakuwa ndani ya maji hayo.

Nchini Marekani, maofisa wanaopima mipaka ya ardhi oevu huutumia ushahidi wa rangi hizi pamoja na ule wa mimea na maji yenyewe. Huchimba, hulinganisha bonge la udongo na kitabu cha rangi, na huandika. Sioni kwa nini ofisi zetu za mitaa zisifanye hivyo kabla ya kugonga muhuri kwenye hati ya mauziano. Kitabu cha rangi si lazima. Kijivu na machungwa tunavijua sote.

Kuna jambo moja linalowapoteza wengi. Watu huamini kwamba ukikaa mbali na mto umesalimika. La hasha! Mto unapofurika, maji hupoteza kasi mara yatokapo kwenye mkondo wake, na huangusha kwanza mchanga, hapo hapo kingoni. Udongo laini wa mfinyanzi huchukuliwa mbali zaidi na kutua taratibu mahali maji yanapotulia. Baada ya miaka mingi, ukingo wa mto huwa umeinuka na una mchanga unaopitisha maji, na nyuma yake, mita mia kadhaa kutoka mtoni, kuna bakuli la mfinyanzi ambalo maji yakiingia hayana pa kutokea. Mwenye kiwanja katika bakuli hilo anaweza asiuone mto kabisa, na bado akawa wa mwisho kukaukiwa.

Mfinyanzi huo una vituko vyake. Ukilowa huvimba, ukikauka hunywea na kupasuka, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka, upande mmoja zaidi ya mwingine. Ufa huanza kwenye pembe ya dirisha na kwenda mshazari. Choo cha shimo hakinyonyi; masika ikija hujaa kutoka chini, na kilichomo hutoka nje kikaelekea kisimani kwa jirani. Kipindupindu hakihitaji mwaliko mwingine. Kumwaga kifusi hakuubadilishi udongo huo. Kifusi huyasukuma maji kwa asiye na fedha za kifusi, na kwa uzito wake huendelea kulikandamiza tope miaka nenda rudi, nyumba ikizama nalo.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji mfano wa mbali. Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapokea mito ya Ubungo na Sinza, na unamwaga baharini karibu na Daraja la Salenda. Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 uliliweka bonde lake miongoni mwa maeneo ya hatari yasiyofaa kwa makazi. Watu wakajenga, kwa kuwa lilikuwa karibu na Kariakoo na bei yake waliimudu. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waliookoka wakapewa viwanja Mabwepande. Halafu mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, karakana yake ilikuwa papo hapo Jangwani, na maji yakaifuata si mara moja. Maskini hulaumiwa kwa kujenga bondeni. Karakana ile haikujengwa na maskini. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde hilo, daraja jipya la Jangwani likiwamo. Ni fedha nyingi kwa jambo ambalo ramani ya 1979 ilikwisha kulisema.

Wala sisemi kuwa udongo huu ni mbaya. Mpunga unaupenda, maana shina lake lina njia za kupitishia hewa hadi mizizini. Ng'oa jaruba moja utaona mizizi ina koti la kutu. Warufiji waliishi na udongo wa aina hii kwa vizazi vingi. Maji ya mto yakishuka walipanda kilimo chao cha mlau kwenye unyevu uliobaki, bila kungoja mvua, na shambani walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Hawakuuambia mto mahali pa kupita.

Sasa, kwa yule ambaye fedha bado ziko mfukoni. Nenda na jembe au sururu, uchimbe nusu mita mahali pasipomwagwa kifusi. Kama kifusi kimefunika kiwanja chote, chimba mpaka ukipite, na umwulize mwenyeji kwa nini kilimwagwa. Bonge la udongo lilowanishe kidogo kabla ya kulitazama, maana udongo ukikauka rangi hufifia, na ulitazame mchana juani. Livunje kwa mikono, usilikate kwa panga, ili nyufa na vijia vya mizizi vionekane. Linuse. Shimo liache wazi usiku kucha, ulifunike kwa matawi watoto wasitumbukie, na asubuhi urudi kuona kama limeingia maji. Mbele ya maofisa wa mtaa uwaulize majirani wa miaka mingi, hasa akina mama, masika iliyopita ndoo zao walizipandisha juu ya nini.