Onyo la Cheti cha Tovuti: Wajibu wa Katibu



Hakuna mtunza hazina amkabidhiye fedha mgeni kwa kuwa tu amesema ametumwa na Chama Kikuu. Kwanza huitazama barua na mhuri wake. Kompyuta ya ofisi nayo hufanya vivyo hivyo. Kila tovuti ya benki hutoa cheti, na kivinjari hukagua mambo matatu: jina lilingane na anwani, muda wake uwe haujakwisha, na mtoaji wake awe mamlaka inayoaminika. Likikosekana moja, onyo hutokea.

Katibu alionapo onyo hilo, asiandike neno la siri, wala asibonyeze kitufe cha kuendelea. Afuate utaratibu huu.

Kwanza, atazame tarehe na saa ya kompyuta. Betri ndogo iliyo ndani ikichoka, kompyuta huweza kurudi miaka mingi nyuma, na vyeti halali vikaonekana havijaanza kutumika. Arekebishe tarehe, kisha betri ibadilishwe.

Pili, asome anwani herufi kwa herufi. Matapeli hupenda kubadili herufi moja tu.

Tatu, ajaribu tovuti nyingine. Ikikataliwa moja peke yake, awapigie simu wenye tovuti hiyo. Zikikataliwa nyingi, yamkini kasoro iko kwetu: ama mtandao tunaoutumia si wa kuaminika, ama programu zimepitwa na wakati. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kiitwacho DST Root CA X3 kilikwisha muda, na mashine nyingi za zamani zikaanza kukataa tovuti zilizo salama. Dawa ilikuwa kusasisha programu.

Vyama vyenye tovuti zao navyo vijihadhari. Kanuni zilizopitishwa mwaka 2025 zimepanga kwamba kuanzia tarehe 15 Machi 2029 cheti kipya kisizidi siku 47. Kwa hiyo kuhuisha vyeti kwa mkono hakutatosha. Fundi aweke utaratibu wa kuvihuisha vyenyewe, na Katibu aandike tarehe ya mwisho katika daftari.

Ndugu zangu, kuchelewesha malipo kwa saa moja ni usumbufu. Kupoteza fedha za msimu mzima ni msiba wa kila mkulima. Tusiione haraka kuwa ndiyo bidii.